Boma la Watu Wema Nyuma ya Nyumba Yangu

Jumamosi, 17 Mei

Mama kafika! Alhamdulillah. Kutoka Tanga mpaka Toronto, na goti lake bovu, na sanduku limejaa halua na pilipili. Afisa wa forodha kaitazama halua, kamtazama Mama, kaamua kufunga sanduku mwenyewe.

Ila kafikia kwa Dilawar. Dilawar ni mdogo wangu, mtu wa kompyuta, anakaa Markham, nyumba kubwa, gereji ya magari mawili. Alimchukua yeye uwanja wa ndege kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama na maua kwenye jengo jingine kabisa, nawapungia mkono wageni wa Ureno. Nilipogundua, Mama alishafika Markham na alishakunywa chai.

Mama kasema hatagawanywa kama nyama ya akika. Atazitazama nyumba zote mbili, ya Dilawar na yangu hapa Thornhill, na Jumapili ya kwanza ya Juni atasema atakaa kwa nani. Akishasema, ndiyo maisha. Mama harudii neno.

Namtaka kwangu. Niandike wazi, maana hapa hasomi mtu. Niliondoka Tanga kijana, na tangu hapo sijalala nyumba moja na mama yangu isipokuwa likizo. Nataka kumsikia akikohoa chumba cha pili. Nataka anigombeze kwa kuacha taa inawaka. Mimi Sikander ndiye mtoto wa kwanza, nilimjua Mama kabla Dilawar hajawazwa!

Daktari wa presha kaniambia kila siku niandike jambo la kushukuru, ndiyo maana ya daftari hili. Haya. Nashukuru Mama kafika salama. Nashukuru Dilawar kapata kipara kabla yangu.

Na mpango ninao. Bembea! Barazani Tanga Mama alikuwa na bembea ya mbao, akiikalia hata njaa haisikii. Nimeshaiagiza mtandaoni, ina kivuli na mito. Itakaa nyuma ya nyumba. Tatizo dogo: pale nyuma kuna kichuguu cha duara, kimezungushiwa mawe, na juu yake mti mmoja wa miiba usio na faida yoyote. Tulihamia hapa vuli iliyopita, sijawahi kuuona una hata jani la maana. Naukata, nasawazisha, naweka bembea. Kazi ya siku moja.

Jumapili, 18 Mei

Bi Noreen kanikamata kwenye uzio nikiwa na futi mkononi. Huyu ni jirani yetu wa kushoto, mjane, kwao Ayalandi, umri umekwenda lakini macho ya mwewe. Kauliza napima nini. Nikasema napima tu. Akasema hapo hapapimwi.

Kisha akanipa hadithi ndefu, na mimi jua linanichoma. Kwao huko mashambani kuna maboma ya udongo ya duara, ya kale hata haijulikani nani aliyajenga. Mtu halimi pale. Trekta linazunguka. Na mti wa miiba ukisimama peke yake, ujue una wenyewe. Wanaitwa Watu Wema. Si kwamba ni wema, kasema, ila wanasikia. Yeye na marehemu mumewe walipohamia mtaa huu wakaona duara hili na mti umesimama peke yake. Marehemu akavua kofia akasema, kumbe hawa wametutangulia. Tangu hapo Bi Noreen anawamwagia maziwa kidogo juu ya uzio, na mwenye nyumba wa kabla yangu alijua na akanyamaza.

Nikamwambia kwa adabu kwamba hapa ni Thornhill. Akasema Watu Wema hawaombi viza.

Akamalizia na mkulima wa kijijini kwao aliyekata mti kama huo. Mdomo ulimwenda upande, ukabaki huko huko mpaka siku ya kuzikwa.

Nilicheka sana. Nikaingia ndani, nikasoma Ayatul Kursi, nikajipulizia. Si kwamba naamini! Lakini majini yametajwa ndani ya Kitabu, hilo halina ubishi. Swali ni kama yanastahimili baridi. Na Tanga nani asiyejua mahali pasipopigwa mluzi? Ukiwauliza watu, hakuna anayeamini. Na hakuna anayepiga mluzi.

Ruqayyah, mke wangu, kasema niache mti wa watu. Binti yetu Sahar kasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba hizo ni ngano, wamezisoma chuoni. Nashukuru nina binti msomi. Kwa ushahidi wa kisomi basi, mti unakwenda.

Jumanne, 20 Mei

Nilianza na tawi moja. Dogo. La kujaribia.

Mwiba ukaniingia kidole gumba mpaka nikaona nyota mchana. Nikaenda kwenye gari nipate plasta, gari haliwaki. Nikarudi ndani, nikapiga kichwa kwenye kabati ambalo limekuwa palepale tangu tuhamie. Nikajiambia hivi ni vitu vya kawaida.

Kisha simu. Mama. Sauti imejaa furaha mpaka inatetemeka. Mwanangu, Mungu akuzidishie, bembea imefika, nimeshaikalia!

Nikauliza imefika wapi.

Kwa Dilawar! La haula! Mara ya mwisho niliagiza zawadi ya Idi ikaenda Markham, na anwani ile ikabaki kwenye simu. Dilawar kaiunga mara moja. Kwa drili yangu! Niliyomwazima mwaka juzi! Mama anapembea kwenye bustani ya Dilawar, kwenye bembea yangu, na Dilawar anaonekana mtoto mzuri kwa kukaza skrubu.

Nimelala chali sebuleni. Tawi moja tu, jamani. Dogo! Na wamenifanya hivi. Mti mzima ningepata nini?

Daktari anataka shukrani. Nashukuru mdomo wangu bado uko katikati. Nimeutazama kwenye kioo mara nyingi.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeamua kuwaomba radhi. Ugomvi na wenyewe wa mahali haufai, kwetu mtoto mdogo analijua hilo. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na jibu moja tu: chano, sinia la sadaka kwa wenyewe.

Basi nikaandaa chano cha heshima. Sinia, halua ya Mama (alinipa kipande kidogo kuliko cha Dilawar, nimekiona), tende, maji ya waridi, na ubani kwenye chetezo. Nikaweka chini ya mti. Ubani nilitia wote, nisije nikaonekana bahili. Nikavua viatu. Sikujua niwahutubie kwa lugha gani. Kiswahili huenda hawakisikii. Nikachagua Kiingereza, nikaanza na mabwana na mabibi.

Nilikuwa nimefika kwenye kusikitika kwangu kuhusu tawi, moshi umenizunguka vizuri, niliposikia king'ora. Gari la zimamoto! Jirani wa kulia, ambaye hajawahi hata kunisalimu, kaona moshi kawaita. Watu wazima wenye mashoka wakaingia uani kwangu mbio na kunikuta peku, nimefumba macho, naongea na mti.

Nikaeleza kwamba ni mambo ya dini. Ruqayyah akatoka jikoni akaeleza kwamba si mambo ya dini hata kidogo. Mkubwa wao alikuwa mstaarabu. Kasema wamewahi kuona makubwa zaidi. Mmoja akauliza kile cha kahawia ni nini, akaonja halua, akaomba tena. Nashukuru kwa watu kama wale. Kwa kweli nashukuru, wangeweza kunimwagia maji.

Lakini Bi Noreen! Kasimama kwenye uzio, kashika kifua. Nikadhani ameguswa. Akanyoosha kidole kwenye chetezo. Chuma! Umewapelekea chuma! Kumbe Watu Wema hawapatani na chuma kabisa. Ni sawa na kumwalika mtu karamu ukamfungulia mbwa. Chetezo cha bibi yangu, kilichotoka Tanga, chuma kitupu. Nani angejua? Kwetu wenyewe hawajali chombo, wanajali ubani.

Nimeuliza sasa nifanye nini. Kasema maziwa kidogo, na kuwaacha. Hasa kuwaacha. Kasema hilo mara mbili akinitazama usoni.

Jumamosi, 24 Mei

Mti umechanua! Usiku mmoja tu, mweupe pepepe kama bibi harusi. Hata Ruqayyah katoka na kikombe cha chai, kasimama kuutazama. Mimi harufu siisikii, pua yangu imeziba tangu theluji iyeyuke, mafua ya machipukizi, kila mwaka yananipata. Lakini kwa macho, subhanallah.

Bi Noreen kaniwahi kabla sijanyoosha mkono. Maua hayo hayaingizwi ndani ya nyumba. Kamwe! Mama yake alikuwa akimwona mtoto kashika kishada mlangoni anamrudisha kwa fimbo. Yakiingia, nuksi imeingia.

Nikamshukuru. Nikaenda kukaa. Nikafikiri.

Nuksi ikiingia kwa Dilawar je?

Si nuksi kubwa! Astaghfirullah, yule ni ndugu yangu, na Mama yumo humo. Nuksi ya kadiri. Bomba livuje. Umeme ukatike. Mama aone kwamba nyumba ile haina utulivu, ahamie kwangu. Nikarudi kwenye uzio nikamuuliza Bi Noreen kama kuna nuksi ndogo ndogo, au inakuja ya ukubwa mmoja tu. Kasema katika maisha yake yote hajawahi kusikia mtu akiuliza hivyo.

Alasiri nikaenda Markham na shada kubwa. Sikulikata kwa chuma. Nimejifunza! Nilivunja kwa mkono, nimevaa glavu za kuoshea vyombo. Nilofar, mke wa Dilawar, kalipokea mlangoni akakaribia kulia. Kasema, Bhai Sikander, kaka yangu, hii ni mara ya kwanza unaleta kitu na hukirudishi nyumbani. Kaliweka kwenye jagi la kioo sebuleni, karibu na mlango wa chumba cha Mama. Mahali penyewe hasa.

Mama alikuwa amelala. Nikamtazama kutoka mlangoni. Kapungua. Nilofar kasema tangu afike hali kitu, anasema chakula cha huku hakina uhai. Nilitaka kubaki nikae pale kitandani. Dilawar akaja kunionyesha alivyopaka rangi chumba, rangi ile ile ya chumba cha Mama kule Tanga. Sikumsifu. Lakini ndiyo yenyewe.

Jumatatu, 26 Mei

Ushindi! Nilofar kapiga simu asubuhi. Sebule inanuka. Inanuka samaki! Wamesugua jiko, wamefungua friji, wamemlaumu paka wa jirani, kumbe ni maua. Kaomba radhi sana, hakutaka kuniudhi, ila anayatupa.

Nikamsihi asiyatupe. Nikasema yana maana kubwa kwangu. Akalainika, masikini.

Nikaanza kupanga chumba cha Mama. Nikatandika shuka mpya. Nikahesabu kwamba kwa harufu ile hamalizi siku mbili.

Jioni nikapiga simu kupokea matunda. Akapokea Mama mwenyewe. Sauti kama ya msichana! Mwanangu, kasema, leo nimeamka nikasikia harufu ya ng'onda. Nikadhani nimeota. Nikafuata pua mpaka sebuleni, nikakuta maua. Maua yananuka ng'onda, Sikander! Kama jikoni kwa mama yangu, asubuhi, ng'onda wametoka juani wanangoja nazi.

Kasema alilia. Kisha kaomba ugali, kala, kaongeza. Kala mara mbili! Jagi kalihamishia kitandani kwake. Nilofar anatembea na mtandio puani na hasemi neno, maana mama mkwe anakula. Na Mama anasema nyumba ya Dilawar sasa imekuwa nyumba.

Nilikata simu nikasema Alhamdulillah, kwa sababu amekula. Kweli nilishukuru. Kisha nikaupiga mto ngumi.

Na bado! Dilawar kapandishwa cheo leo. Nuksi gani hii? Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndiyo walivyosema wazee, lakini hawakusema na jirani anachota maji.

Basi. Imetosha. Mti ule una upande na umechagua Markham. Nimempigia Kipchirchir, Mkenya wa Eldoret mwenye lori na misumeno ya mashine. Anakuja keshokutwa asubuhi. Alishawahi kukitazama kile kichuguu alipokuja kukata matawi ya mtaani, akasema mzee wangu, hapo hakuna boma, hiyo ni mchanga wajenzi waliacha. Mtu wa kazi, hana ngano. Bi Noreen sijamwambia.

Jumatano, 28 Mei

Niandike kwa utaratibu.

Nilikuwa ofisini, ofisi ya bima, katikati ya mteja. Ruqayyah kapiga. Sikupokea. Kapiga tena. Nikapokea. Kasema Mama kamuuliza Nilofar maua yametoka wapi, Nilofar kasema yametoka kwa Bhai Sikander, ana mti mzima. Mama kasimama palepale na fimbo yake. Anataka kwenda kuuona mti. Leo. Sasa. Dilawar kaomba ruhusa kazini, wako njiani. Mama kamwambia Dilawar kwamba mahali penye mti wenye harufu ya kwao ndipo mtu anapoweza kuzeeka.

Halafu Ruqayyah akaniuliza, taratibu, kwa sauti anayoitumia nikishaharibu kitu: na huyu Kipchirchir anayewasha msumeno huku nyuma, kaitwa na nani?

Nilimwacha mteja na kalamu mdomoni.

Nimempigia Kipchirchir njia nzima, hasikii, kavaa vizibo vya masikio. Nimempigia Ruqayyah, kasema katoka kumzuia lakini msumeno unaunguruma na yeye hawezi kuukaribia. Kisha simu yake ikazimika chaji. Barabara ya Bathurst imejaa magari hayasogei. Niliomba. Ya Ali madad! Niliahidi kila nilichonacho. Niliwaambia hata Watu Wema, kwa sauti, ndani ya gari, madirisha wazi: mabwana na mabibi, mti ni wenu, nimekosa, mama yangu anakuja kuuona, msinifanyie hivi. Dereva wa gari la pembeni akapandisha kioo chake.

Nikafika. Kimya. Msumeno kimya! Kimya maana yake kazi imekwisha. Nikazunguka nyumba nikiwa nimefumba jicho moja.

Mti umesimama. Wote! Mweupe. Na chini yake, kwenye kiti cha kukunja, kakaa Bi Noreen, kajifunika blanketi miguuni, chupa ya chai pembeni. Kipchirchir kakaa kwenye majani, anakunywa chai, msumeno kauweka mbali kabisa kwenye lori. Kaniambia mzee wangu, kazi ni kazi, lakini shosho alipitia kwa uzio na kiti yake, akaketi, akaniuliza kama nataka sukari. Sasa nitafanya nini? Na akaongeza kwamba hata kwao kuna miti haiguzwi, mamake alimfunza, na angejua ni namna hiyo hangekuja hata na lori.

Nikamshika Bi Noreen mikono yote miwili. Nilisema asante mpaka akaniomba niache. Sijapata kumshukuru mtu hivyo maishani.

Na gari la Dilawar likaingia.

Mama kashuka pole pole. Kaja kwa fimbo yake mpaka ukingo wa mawe, kasimama. Hakukanyaga ndani. Kauliza hapa pana wenyewe? Hakuna aliyemwambia kitu, wallahi. Kapaona tu. Kasema hodi, wenyewe, mimi mgeni, nimekuja kwa heri. Ndipo akapita.

Bi Noreen hajui neno la Kiswahili, na akatikisa kichwa kama aliyesikia kila kitu. Kampisha kwenye kiti. Kipchirchir akakimbia kuleta kingine. Wazee wawili wakaanza kuongea, kila mmoja kwa lugha yake. Na Sahar, Sahar wangu ambaye hajawahi kunijibu kwa Kiswahili tangu aanze shule, kaja kakaa chini katikati yao, akawa anatafsiri. Kwa Kiswahili! Kiswahili cha kuvunjika vunjika, lakini alikijua siku zote, mtoto huyu! Mama anasimulia mbuyuni kwao usipite na chumvi, Bi Noreen anasimulia mwanamke aliyepotea kwenye boma akarudi hajui jina lake. Wanapigana mapaja kwa kicheko.

Niliingia ndani nikasimama dirishani na Dilawar. Akanipa nusu ya tende yake.

Jumapili, 1 Juni

Siku yenyewe. Tulikula kwangu, pilau ya Ruqayyah. Sikupata kumeza. Dilawar naye anachezea wali. Baada ya chai Mama kagonga kikombe kwa kijiko.

Kasema atakaa kwangu.

Niliruka! Nikamtazama Dilawar kwa ushindi. Nikasema nilijua tu, ni mti. Mama kasema mti ni mzuri, lakini maua yanapukutika, na yeye si mtu wa kumfuata mti. Nikasema basi chumba. Kasema chumba cha Dilawar ni kizuri zaidi. Nikauliza sasa ni nini?

Kumbe anajua yote! Bi Noreen alimwambia Sahar juu ya nuksi ndogo ndogo, Sahar kamtafsiria bibi yake bila kuruka neno. Zimamoto anawajua. Msumeno anaujua. Mbele ya watu wote Mama kasema: Dilawar ana akili zake, popote nilipo yeye yu salama. Sikander ni mwingine. Mtu anampelekea ndugu yake nuksi ndani ya shada la maua, na nuksi inageuka baraka njiani, huyo si mbaya. Huyu hana bahati tu. Na mtoto asiye na bahati hakai mbali na mama yake.

Walicheka mpaka Nilofar akapaliwa na chai. Mimi sikucheka. Nilisema kwa heshima kwamba sielewi. Nikaenda chooni nikafungua bomba na nikalia. Si kwa kuumia. Kidogo kwa kuumia. Ila zaidi ni kwamba umri huu wote, na nywele hizi, kuna mtu duniani anaona nahitaji kuangaliwa, na amevuka bahari kuja kuniangalia.

Nilipotoka nikamkuta Dilawar kasimama koridoni peke yake, anautazama ukuta. Macho mekundu. Nikakumbuka rangi ya kile chumba. Nikamkumbatia. Mama kasema Dilawar atakuwa anamchukua siku za sikukuu na mapumziko, na bembea ikae kulekule imngoje. Nikasema ni haki kabisa. Nilimaanisha.

Sasa hivi anakohoa chumba cha pili. Ameshanigombeza kwa taa. Daktari, kama utausoma ukurasa huu, presha leo haipo.

Ijumaa, 6 Juni

Wiki nzima ya baraka. Nimeamka kila siku na sauti ya Mama akimwamsha Sahar kwa alfajiri, na Sahar anajibu naamka, bibi. Asubuhi Bi Noreen anapita kwa uzio, wanakunywa chai. Nimeacha mipango yote. Mtu aliyepata alichoomba afanye hila ya nini?

Tena nimetafakari vizuri. Mama anasema ni kwa sababu sina bahati, lakini ukifuata mambo kwa mpangilio, bila maua asingeuliza mti, bila mti asingekuja kwangu, na maua niliyapeleka mimi. Kwa hiyo mpango ulifanya kazi. Ulichelewa tu.

Kesho ni Idi. Dilawar anakuja asubuhi kumchukua Mama, ana karamu kubwa kwake, kawaalika hata watu wa ofisini wa cheo chake kipya. Mama ndiye mgeni wa heshima. Sisi tutafuata baadaye. Sina neno. Ni haki kabisa.

Ila leo Bi Noreen kanisimulia jambo jipya. Kwenye maboma yale kuna kipande cha majani, ukikikanyaga tu, njia inakupotea. Shamba unalolijua tangu utotoni, unalizunguka mchana kutwa, lango hulioni! Nikauliza kama na hicho kina ukubwa mmoja. Kasema Sikander, usiondoe hata kijiti pale. Nikamhakikishia.

Majani si kijiti. Nimemega kipande kidogo tu pale kichuguuni, kwa kijiko cha mbao, sikutumia chuma. Kinatosha kabisa chini ya zulia la gari, upande wa dereva. Nitakiweka Dilawar akiwa anakunywa chai. Akitoka hapa na kukanyaga breki, kwisha! Atazunguka barabara hizi mpaka jua lichwe na kwake hafiki. Wageni wote wamefika, wali umepoa, mwenyeji hayupo! Nacheka peke yangu hapa.

Mama kaniita sasa hivi nimfungie mkoba. Nguo za Idi, dawa ya goti, tasbihi. Anasema kesho atakaa mbele, kando ya Dilawar, apate kuiona njia vizuri.